Binti Yangu Alipopiga Chafya

Nimewahi kufa mara moja, kwa nimonia, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye kitanda cha mbao kilichopakwa rangi ya kahawia ili kionekane cha watu maskini. Pumzi ya mwisho niliivuta mara tisa kwa sababu fundi wa taa hakuridhika na kivuli kilichoangukia shavu langu. Baada ya hiyo ya tisa watu walipiga makofi, nikapewa soda na andazi, na huo ukawa mwisho wa mtoto ambaye nusu ya Kenya ilimlilia kila Jumapili jioni kwa miaka minne.

Jina lake sitaliandika hapa. Wanaolikumbuka wanalikumbuka, na wasiolikumbuka nawashukuru kutoka moyoni.

Kazi yenyewe niliipata kwa ajili ya ndama. Watu wa televisheni walikuja shuleni kwetu, shule ya msingi iliyopakana na mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, wakitafuta mtoto wa kuigiza binti wa mchuma chai. Walitupanga mstari uwanjani na kutuambia tulie. Wenzangu walicheka, wengine wakajifinya, mmoja akapiga mayowe hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini. Mimi nilikuwa na miaka saba na ndama wetu alikuwa amekufa juzi yake kwa kuvimba tumbo. Nilimfikiria tu. Waliponiambia inatosha, sikuweza kunyamaza, na mama mmoja mwenye karatasi mkononi akamwambia mwenzake kwamba wamempata.

Nyumbani waliambiwa ni kazi ya wiki mbili. Wiki mbili hizo zilipigwa picha kwenye shamba la chai, nikibeba kikapu kilichonizidi kimo, halafu mchezo ukapendwa na wakahamia studio ya Nairobi. Nami nikahamia Nairobi, kwa senge, dada ya baba yangu, aliyekuwa akifanya kazi huko. Nilisoma huko. Likizo ndizo zilikuwa siku za kazi, kwa sababu watoto wote wa mchezo walikuwa huru, kwa hiyo nyumbani nilifika siku mbili za Krismasi, na mwaka mmoja hata hizo sikuzipata. Huku kwetu, kwenye kilima kilicho mwendo mfupi kutoka Kapkatet, walinitazama kwa mwenye kinu cha posho, ambaye alikuwa na televisheni ndogo na betri ya gari. Waliniambia kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na kigoda chake mbele kabisa, na ole wake aliyekikalia.

Mtoto niliyemwigiza alikuwa na kazi moja, kulia. Baba yake mlevi, akalia. Mama wa kambo akamnyima uji, akalia. Akafaulu mtihani, akalia kwa furaha. Kufikia mwaka wa tatu machozi yangu yalikuwa yamekauka, ikabidi wanipake kitunguu chini ya macho. Kufikia wa nne nilikuwa nimerefuka kumpita mama wa kambo, na kifua kimeanza kuota, na mwandishi wa mchezo, bwana mmoja mwenye miwani aliyependa kula njugu akiongea, aliamua kwamba heri nife nikiwa bado mtoto. Ndipo nikaletewa nimonia.

Kilimani kwetu walipokea habari hiyo kwa namna ambayo mama yangu hajaisahau. Kesho yake asubuhi wanawake watano walifika langoni na maziwa na sukari ya kufariji waliofiwa. Mama aliwaambia mtoto yuko Nairobi, mzima, anakula chapati. Walimpa pole hata hivyo na maziwa wakayaacha. Jumapili iliyofuata pasta alilazimika kutangaza kanisani kwamba binti wa familia fulani hajafa, ila yule mwingine ndiye aliyekufa. Hilo halikumsaidia mtu.

Sasa nina miaka zaidi ya thelathini na mimi ni mwanamuziki. Natunga mwenyewe na kupiga gitaa mwenyewe, tangu sekondari nilipojifunza kwenye gitaa la kikundi cha wanafunzi Wakristo, lililobaki na nyuzi nne. Naimba kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili. Nimetunga wimbo wa wifi anayefungia majani ya chai kabatini, wimbo wa ng'ombe aliyeuzwa halafu akarudi kwa miguu, wimbo wa mwanamke aliyeposwa na ndugu wawili wasiojuana nia. Nimezitolea jasho nyimbo hizo. Na popote ninaposimama kuziimba, kuna mtu huinua mkono na kuniomba nilie kidogo.

Sisemi kwa kutia chumvi. Nilialikwa Siongiroi siku ya kufungua josho jipya la ng'ombe. Nimefunga nyuzi mpya, nimevaa vizuri, nimesubiri wakubwa wote wahutubu, kuanzia chifu hadi mwenyekiti wa kamati ya josho na naibu wake. Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Sasa nataka mkae square," akasema. "Leo tuko na celebrity. Mnakumbuka ule mtoto alikuwa analia kwa TV? Ule wa mama wa kambo? Si alikufa, watu wangu? Leo amefufuka!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Nikaimba wimbo wa kwanza. Kabla sijaanza wa pili, mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele na fimbo yake akainuka akauliza kama naweza kulala pale kwa nyasi nikafa vile nilikufa, kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa siku kifo kile kilipoonyeshwa na hakuona mwisho. Na mke wake alikuwa pale kando yake, ameketi, ametabasamu, anangoja.

Sigor ilikuwa mbaya zaidi. Huko mama mmoja muuza nyanya alinishika mkono akaukandakanda, kisha akamwambia mwenzake kwamba ni wa moto. Vijana wa bodaboda hawakuwa hata wamezaliwa wakati wa mchezo, lakini mama zao wamewasimulia. "Wee, si ulidedi?" wananiuliza, nami nimebeba gitaa mgongoni na mvua inakuja. Watangazaji wa redio ndio wenye roho ngumu kuliko wote. Wananialika kuzungumzia muziki, halafu ninapoketi wanapiga muziki wa kuanzia mchezo ule na kuniuliza kama ni kitunguu ama ni machozi ya kweli. Nimejibu swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu.

Halafu, mwaka jana, mambo yakaanza kugeuka. Nilikuwa nimetunga wimbo kuhusu mwanamke anayengoja lori kwenye kituo cha kuuzia majani mabichi. Amechuma tangu alfajiri, majani yako kwenye gunia, lori halijafika, majani yanaanza kugeuka rangi, naye anaongea na lile lori kama vile mke anavyoongea na mume aliyesema anatoka mara moja tu. Wimbo ulipendwa. Wachuma chai waliuimba shambani. Watoto wa shule waliubadilisha maneno wakaweka jina la mwalimu wao aliyezoea kuchelewa. Siku moja, nikipita sokoni Kapkatet na tumbo la miezi minane, mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga mboga alimgusa jirani yake akasema, "Huyo ndiye wa lori."

Wa lori! Sijawahi kusikia cheo kizuri kama hicho. Nilinunua sukuma wiki ambazo sikuzihitaji ili tu nisimame pale kidogo. Wiki tatu baadaye nikajifungua binti.

Baba ya mtoto ni habari nyingine na haingii hapa. Tulikubaliana kwa amani kwamba mtoto awe wa nyumbani kwetu, na kwa hiyo jina lake lingetoka kwa wafu wa kwetu. Hapo ndipo niseme tunavyofanya. Mtoto wa Kipsigis ana jina la kanisani na jina la kwenye cheti, lakini kuna jina jingine linalotangulia yote, la kuitwa, tunaloliita kurenet. Wanawake huketi na mtoto mchanga na kuwataja wafu wa nyumba hiyo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye aliyekubali kurudi, na mtoto ataitwa kwa jina lake. Zamani walimsaidia mtoto kwa ugoro kidogo puani.

Mama yangu ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ugoro hauingii nyumbani kwake. Kogo naye alisema hawezi kufa akiwa ameacha kitukuu asiye na mwenyewe. Walivutana siku tatu, mimi nikinyonyesha katikati yao. Mwishowe walipatana kwamba majina yataitwa, lakini kutatangulia maombi, na mtoto hatawekewa chochote puani, atapiga chafya mwenyewe akitaka. Ninayesema haya nina uzoefu wa studio, na ningeweza kuwaambia papo hapo kwamba mtoto mchanga hafuati ratiba.

Nilikuwa na mtu wangu. Mama mkwe wa kogo alikuwa mwimbaji. Hakuna aliye hai aliyemsikia isipokuwa kogo, lakini bado watu wa kilima kile wanaeleza jinsi alivyoanzisha wimbo wa harusi upande huu na wa ng'ambo ya mto wakaitikia. Nilimtaka huyo. Nilitaka binti yangu aanze maisha akiwa na jina la mwanamke aliyeimba alichotaka na watu wakanyamaza wakasikiliza. Sikumwambia mtu.

Basi tuliketi sebuleni kwa mama siku ya Jumamosi asubuhi, wanawake wanane, vitambaa vya kufuma kwenye viti, chupa tatu za chai mezani. Maombi yalikuwa marefu. Senge, ambaye siku hizi amestaafu na kurudi nyumbani, alishika usukani. Alianza na shangazi za babu. Mtoto akamtazama. Akapita kwa dada zake kogo, akapita kwa wake wa marehemu mjomba. Mtoto akapiga miayo. Ilipofika zamu ya mwimbaji wangu, nakiri, nilisogeza nyuzinyuzi za shuka karibu na pua ya mtoto, kwa siri. Akakunja uso. Akakunjua uso, akalala.

Walirudia orodha yote. Walimwamsha wakairudia tena. Chai ilikwisha, ikapikwa nyingine. Jirani mmoja akashauri afunguliwe dirisha vumbi liingie, mama akamkazia macho.

"Huyu mtoto anatuchezea," senge akasema. "Tumemaliza watu. Hakuna mtu amebaki."

"Amebaki mmoja," akasema kogo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono kwenye fimbo. Sasa akainama mbele na kuita, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, jina la yule mtoto wa televisheni.

Senge alianza kucheka. Hakumaliza, kwa sababu binti yangu alipiga chafya. Kisha, kama vile tulikuwa hatujaelewa, akapiga ya pili.

Kogo akapiga vigelegele peke yake. Mmoja akamfuata kwa mazoea, halafu wengine, na mimi nikawa nimesimama na mtoto nikipiga kelele ambazo mama ya mtoto mchanga hapaswi kupiga.

"Hiyo ni jina ya TV!" nilisema. "Iliandikwa na mtu kwa ofisi! Huyo hajawahi kuwa mtu!"

"Lakini alikufa," jirani akasema kwa upole. "Si sisi wote tuliona?"

"Nani alikufa? Mimi ndio huyu!"

"Wewe uko," akakubali. "Tunasema huyo mwingine."

Nilimgeukia mama nipate mtu mwenye akili timamu. Mama alisema kogo amezeeka, amechanganya mambo, asilaumiwe. Lakini alisema hivyo akitazama zulia. Senge alisema chafya ni chafya, na zilikuwa mbili. Kogo mwenyewe alikuwa ameshainuka, anaomba asaidiwe kushuka ngazi za mlangoni, amemaliza kilichomleta.

Habari zilitutangulia njia panda. Jumatatu nilipopeleka mtoto kliniki, kijana wa bodaboda alizima pikipiki kabisa ili tuongee vizuri. "Madam, nasikia umejizaa," akasema. Sokoni, yule yule aliyewahi kuniita wa lori alinipungia mkono na kuniita kwa lile jina, halafu akamnyooshea mtoto kidole na kumwita vilevile, akafurahi sana kwamba sasa tuko wawili. Mtangazaji mmoja alipiga simu akitaka tufanye kipindi. Nikamuuliza kama tutaanza na wimbo wa lori. "Hapana, tutaanza na chafya," akasema. "Lori tutaweka kama time itabaki."

Nilikata simu nikalia machozi ya kweli, bila kitunguu, na nilikasirika zaidi kwa sababu nililia. Miaka ishirini nimekuwa nikijaribu kumzika yule mtoto. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Sasa angekaa nyumbani kwangu, ningemwogesha na kumpeleka shule, na siku moja, binti yangu akiwa na miaka saba na amesimama mbele ya watu, kuna mtu angemwambia alie.

Nilianza kutafuta wa kulifuta lile jina. Senge alikataa katakata. Ukiita mara ya pili, alisema, unamfukuza aliyekwisha ingia, na mtoto hatatulia maisha yake yote. Wiki hiyo mtoto alikuwa na gesi tumboni na alilia mchana kutwa. "Unaona?" senge akasema. "Ni yeye kabisa." Nilitoka nje nikahesabu miche ya chai hadi hasira ikapungua.

Kwa pasta nilikwenda nikiwa na matumaini. Alinisikiliza, akaweka vidole pamoja, akaeleza kwamba kanisa halitambui desturi hiyo. Nikasema vizuri sana, basi alifute. Akasema kanisa haliwezi kufuta kitu lisichokitambua. Nikamwomba basi angalau aseme na kogo. Akasema atamwombea. Aliponisindikiza hadi langoni, alikohoa akaniambia kwamba zamani, kabla ya wito, naye alikuwa akitazama kwa mwenye kinu cha posho, na kwamba siku ile ya nimonia alikosa chakula cha jioni. Alitaka nijue. Nilimshukuru na kwenda zangu.

Akabaki kogo. Sikuwa nimemwendea kwanza kwa sababu kila mtu aliniambia hakuna maana, mzee amechanganyikiwa, na pia kwa sababu nilimwogopa. Nyumba yake iko juu ya shamba letu la chai, nyuma ya mwaloni wa kizungu uliopandwa na babu. Nilipanda na mtoto mgongoni asubuhi ya Jumatano, nimepanga maneno kichwani kama mtu anayekwenda baraza la ardhi. Nilimkuta nje juani, kibuyu cha maziwa kati ya magoti, anakisugua ndani kwa kijiti chenye mkaa kabla ya kutia maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa. Kogo hasemi Kiswahili. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini alisema kwa Kikipsigis, polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye kibuyu.

"Kogo," nikaanza, "lile jina si la mtu."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilikuwepo. Aliandikwa na bwana mmoja wa Nairobi mwenye miwani. Hakuzaliwa na hakufa. Ulichanganya."

"Mwenye kinu alinieleza siku ya kwanza kwamba ni mchezo," alisema. "Wale waliomletea mama yako maziwa ndio walikuwa hawajui. Mimi nilijua. Unanionaje wewe?"

Maneno yangu yote yalikuwa yamejengwa juu ya kuchanganyikiwa kwake. Nilimuuliza kwa hasira kwamba kama alijua, kwa nini aliita.

Akageuza kibuyu, akagonga chini ili mkaa uliolegea utoke. "Walikuja hapa wakachukua mtoto wa miaka saba," alisema. "Alikuwa akilala kwa kitanda changu. Miguu yake alikuwa anaiweka hapa." Akagusa tumbo kwa mkono wenye masizi. "Wakasema wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, nikauliza, wakasema bado. Mwenye kinu akaniambia, mama, njoo Jumapili utamwona. Nikaenda. Nikamwona."

"Ukamwona akilia."

"Wenzangu ndio walikuwa wanalia naye. Mimi nilikuwa naangalia kama amekonda. Meno ya mbele yalipong'oka, niliona yametoka, na nikauliza ni nani huko aliyeyatupa juu ya paa, hakuna aliyejua. Niliona miguu haina mafuta. Niliona kidonda cha goti kimepona vibaya. Miaka minne nilimlea hivyo, Jumapili kwa Jumapili, na nusu saa kila mara. Halafu akafa, na mwenye kinu akasema mchezo umeisha, hatakuwepo tena. Nikaja nyumbani nikanyoa nywele."

Kunyoa nywele ni kwa aliyefiwa na mtu wake. Nilikumbuka kitambaa cheupe alichofunga kichwani mwaka ule, kikakaa muda mrefu, na hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza.

"Lakini nilirudi, kogo," nikasema. "Nilirudi mwezi uliofuata. Nilikuwa mzima."

"Alirudi msichana mrefu," alisema. "Alinipa mkono, kama anavyompa mwalimu. Nikampa mursik akasema inanuka moshi. Akalala chumba cha mama yake. Alikuwa msichana mzuri, hakuwa na makosa. Nilimzoea polepole, na sasa ni wewe, na nakupenda, na ule wimbo wako wa lori ni mzuri ingawa umeuharakisha mwisho." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Lakini yule mdogo, hakuna mtu aliyenirudishia. Nikangoja. Kila mtoto aliyezaliwa humu nilimwita kimoyomoyo, hakuja. Amekuja kwa wako."

Nilikaa chini kwenye nyasi, na mtoto mgongoni bado. Hasira yangu ilikuwepo, nzima kabisa, ila nilitafuta mtu wa kumwangushia nikakosa. Nilikuwa nimemchukia yule mtoto maisha yangu yote ya utu uzima kwa sababu watu walimpenda kuliko mimi. Haikunijia hata siku moja kwamba kulikuwa na mtu, amekaa mbele kabisa kwenye kigoda, aliyempenda kwa sababu alikuwa mimi.

Lakini mimi ni mjukuu wake, na ukaidi nilirithi kwake. Nikamwambia kwamba sawa, jina libaki, lakini ni la hapa nyumbani kwake. Kliniki, shuleni, kanisani na redioni mtoto ana jina lake jingine, na mtu akimwita vingine nje ya ua huu tutakosana.

"Nje nakwenda wapi na magoti haya?" akasema.

Alipangusa mikono kwenye kanga yake, akainyoosha nimpe. Nikafungua leso nikamshusha mtoto. Kogo alimlaza mapajani, akakiweka kichwa mahali pazuri, akamfunua miguu na kuitazama kwa makini, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaita lile jina, si kwa sauti ile ya sebuleni, bali kwa ile ya kumwita mtoto aliye karibu aje ale.

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Nikaitika mimi.